Siku Bi Elbia Alipokataa Kuepua Birika

Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi katika Ushirika wetu wa Maziwa wa Costa del Ceibo, mwenzetu Elbia Curbelo alivua koti jeupe na buti za chumba cha kupashia maziwa, akanawa mikono kama mtu anayejiandaa kwenda harusini, akastaafu. Alitoka kwa lango kuu. Alitoka akiendesha gari lake mwenyewe. Naomba msomaji ayashike hayo mawili, lango kuu na gari lake mwenyewe, kwa sababu wiki tatu kabla ya siku hiyo hakuna hata mmoja wetu ambaye angethubutu kuapa kwamba yangetokea.

Elbia aliingia hapa Julai 1987, msichana wa miaka ishirini na mitatu, kwa mlango wa ubavuni. Wanawake wote walipita huko, wakaenda moja kwa moja kwenye meza za kufungia jibini, na kwenye meza hizo ndiko walikozeekea. Yeye alifunga jibini miaka minne. Kisha akamwendea msimamizi na kumwambia anataka kazi katika chumba cha kupashia maziwa.

"Binti, mle ndani kuna joto, kuna mvuke, kuna mabomba," msimamizi akamwambia. "Ile kazi ya wanaume."

"Hata nyumbani kwangu kuna mahali penye joto, mvuke na mabomba," Elbia akajibu. "Panaitwa jikoni. Mbona huko sijamwona mwanamume?"

Akapewa kazi. Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kuvuka mlango ule, niseme tu kwamba kazi yenyewe ni ya kutembea juu ya kamba. Maziwa lazima yafike nyuzi sabini na mbili. Yasipofika, vijidudu vinabaki hai. Yakipita na kuchemka, hayafai tena kwa jibini, na jasho la wafugaji wetu linamwagwa kwenye mfereji. Miaka yote hiyo Elbia hakuwahi kuyaacha yachemke. Vipimo vipo, taa zipo, kengele ipo, lakini mkono wake uliifikia koki kabla ya kengele. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mama unavyomdaka mtoto anayeteleza.

Alikuwa mkaidi, na hilo halina kificho. Kuna mwaka umeme ulikatika asubuhi nzima, na msimamizi, akitaka kufidia muda uliopotea, akaamuru maziwa yapitishwe kabla hayajapata joto lake. Elbia hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya koki kubwa, akaketi, akajaza kibuyu chake cha mate, yale majani machungu ya kwetu yanayomiminiwa maji ya moto, na kuanza kunywa taratibu kwa mrija.

"Elbia, ondoka hapo," msimamizi akamwambia.

"Nitaondoka yakifika sabini na mbili. Karibu mate."

Msimamizi alisimama, akahema, mwishowe akakipokea kibuyu. Walikunywa pamoja mpaka maziwa yakafika.

Lakini huwezi kumsimulia Elbia bila kumsimulia Wilmar, mume wake. Nami, niliyeolewa mwezi huo huo wa Septemba na ambaye bado nageuka nyuma nikiitwa kwa jina la Gastón wangu, nawatazama wawili hawa kama mtu anavyotazama ramani ya nchi anayotamani kuhamia. Wilmar alikuwa dereva wa lori la maziwa. Mizani ya malori ipo karibu na ule mlango wa ubavuni, na wazee wa hapa wanasema kuna miezi alikuwa akilipima lori lake tupu mara mbili kwa siku, bila sababu yoyote inayohusiana na maziwa. Walioana mwaka 1988. Tangu hapo, kila alfajiri, Wilmar ndiye anayemwandalia mate. Anainjika birika, anasimama pembeni akiwa na soksi tu miguuni, anasikiliza. Likianza kuimba, analiepua. Kama kila mtu wa nchi hii, alifundishwa tangu utotoni kwamba maji ya mate hayachemshwi. Yakichemka yanababua majani, kinywaji kinageuka uchungu mtupu, na aliyeyachemsha husemwa ukoo mzima. Miaka thelathini na sita, na Elbia anaapa hajawahi kupewa mate iliyoungua. Nionyesheni shairi la mapenzi linaloshinda hilo.

Mwaka 1991 walinunua Peugeot 504 iliyotengenezwa mwaka 1979, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Waliendesha mpaka Piriápolis kuiona bahari, wakarudi na mchanga ambao Elbia anasema mpaka leo haujaisha chini ya viti.

"Nyumbani nina wanawake wawili," Wilmar hupenda kusema, "na wote wawili hawawaki asubuhi bila maji ya moto."

Sasa nije kwenye lango. Wenzetu wapya hawajui desturi hii, nayo ni tamu. Mfanyakazi wa Costa del Ceibo anapostaafu, hutoka kwa lango kuu akiwa juu ya chombo chake mwenyewe, kiwe baiskeli, pikipiki au farasi. Anasimama juu ya mizani ya malori, na Tabaré, mlinzi wetu wa lango, anatangaza uzito wake kwenye kipaza sauti, na daraja la ubora, kama anavyotangaza mzigo wa maziwa. Kisha honi inapigwa, na lango linafunguliwa. Elbia, aliyeingia kwa mlango wa ubavuni, alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka yote thelathini na saba. Hakuwahi kutaka saa ya ukutani wala sahani yenye maandishi. Alitaka kupimwa na kutoka mbele.

Kisha likaja jambo la mpira wa bampa.

Jumamosi tarehe 7 Septemba, Elbia alinibeba mimi, bibi harusi, kwenye Peugeot yake. Sitaeleza jinsi nilivyokuwa na furaha, kwa sababu mhariri wa gazeti letu amenipa kurasa chache. Wenzetu wa idara ya karameli ya maziwa walifunga makopo matupu nyuma ya gari, kama inavyostahili. Lakini hawakuyafunga kwenye chuma cha bampa. Waliyafunga kwenye ule ukanda mweusi wa mpira unaolizunguka bampa ili lisikwaruzwe, ambao kwa miaka arobaini na mitano ya jua ulikuwa umenywea, umepasuka na kukauka kama mkate wa juzi. Tulipokata kona ya uwanja, makopo yakashika ukingo wa njia, na mpira ukang'oka upande mmoja. Tulifika kwenye karamu tukiuburuza nyuma yetu kama mkia. Gastón aliufunga kwa utepe mweupe kutoka kwenye shada langu, na gari likapendeza hivyo hivyo, kama mtu aliyevunjika mkono na bado akacheza.

Jumatatu, gari likiwa limeegeshwa katika ua wa kiwanda na utepe wake umeshaingia matope, Mhandisi Iriarte, meneja wetu mpya, alisimama na kulitazama. Mhandisi si mtu mbaya. Amelipaka lango rangi, ameweka nembo mpya, na tarehe 30 alikuwa akiwategemea wageni kutoka Brazili, wanunuzi wa jibini. Alimwita Elbia pembeni, kwa heshima.

"Bi Elbia, siku yako ya mwisho tutakupeleka nyumbani kwa gari jipya la ushirika. Lenye nembo. Na dereva."

"Lile jeupe, refu?"

"Ndilo."

"Lile kama la kubebea wagonjwa? Mhandisi, mimi nastaafu, sifi."

"Ni kwa sababu ya wageni. Tazama bampa lako mwenyewe. Mpira unaburuzika chini."

"Nitautengeneza."

"Nunua mpya basi."

"Mpya haupo. Na hata ungekuwepo, huu ndio ulioniletea mchanga wa Piriápolis. Nitautengeneza nyumbani kwangu, kwa mikono yangu."

Mhandisi akakuna kidevu. "Haya. Bampa likiwa zima siku hiyo, nitakufungulia lango kwa mkono wangu mwenyewe. Lisipokuwa zima, unapanda jeupe, bila maneno."

"Bila maneno," Elbia akasema, na wakapeana mikono mbele ya wafanyakazi waliojifanya wanafagia.

Wikendi ya kwanza aliuvua mpira wote nyuma, akauosha kwa sabuni, akaufuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi, kisha akaupiga msasa mwembamba. Wikendi ya pili aliziba nyufa. Gastón alikwangua tairi kuukuu mpaka akapata unga mweusi, Elbia akauchanganya na gundi ya mpira, akausukumia ndani ya kila ufa kwa kisu cha siagi. Ulipokauka akaupiga msasa tena, safari hii kwa maji, akamalizia kwa kuupaka glisirini. Mimi nilishika taa tu, lakini niliona. Ule mpira ulikuwa umerudi kuwa mweusi wa kweli, na ukipitisha kidole hukujua ufa ulikuwa wapi, isipokuwa kwenye kona moja iliyochanika vibaya, ambako kovu lilibaki. Ncha yenyewe ya kona hiyo ilikuwa imeraruka, akaikata iwe nyoofu.

Jumamosi tarehe 28 tulikwenda kuuvisha. Hapo ndipo ulipotushinda.

Mpira wa bampa lazima ulainishwe ili unyooke na midomo yake iume chuma pande zote mbili, na kila mtu anajua unalainishwa kwa maji ya moto. Kwa hiyo tulikuja kila mmoja na thamosi yake kwapani. Tulimwaga thamosi moja, tukavuta. Tukamwaga nyingine, tukavuta. Wilmar alikuwa jikoni akijaza upya, akitutolea maji kwa zamu, na katikati ya kumwaga tulikuwa tunakunywa.

"Umelegea?" Elbia akauliza.

"Umelegea kama shingo ya mama mkwe wangu, isiyogeuka," akajibu Chela, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Vuta, Gastón!"

"Navuta, mama!"

"Huvuti, unabembeleza! Huyo si mkeo!"

"Mama Elbia, huu mpira ni mfupi. Unapungua viganja viwili vizima."

"Si mfupi. Ni mkaidi tu."

"Sasa huo ukaidi umeutoa wapi?" Wilmar akauliza kutoka dirishani, na sote tukaangalia chini ili tusicheke.

Jua lilipoinama, mpira ulikuwa bado haujafika kwenye kona. Kila tulipouvuta upande huu, ulichomoka upande ule.

"Elbia, dada yangu, panda tu jeupe," Chela akasema. "Utaketi nyuma kama waziri."

"Waziri akistaafu hutolewa kwa mlango wa nyuma, Chela. Mimi natoka mbele."

Alisema hivyo, lakini tulipokuwa tunakusanya thamosi zetu nilimwona amekaa juu ya buti ya gari, mikono imemwiva kwa kuvuta, anautazama ule ukanda uliolala chini.

"Labda haujazeeka mpira," akamwambia Wilmar. "Labda nimezeeka mimi."

Wilmar alimwekea kibuyu mkononi, akamsogezea unywele mmoja nyuma ya sikio, akaketi karibu naye. Gastón akanivuta gauni kwamba tuondoke.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na ilikuwa tarehe 29. Nani kati yetu hali ñoqui tarehe 29 ya kila mwezi? Wilmar alikanda viazi na unga, akavikata vidonge, akaweka sarafu ya bahati chini ya kila sahani. Elbia alikuwa jikoni mbele ya sufuria kubwa, maji yanatokota kwa nguvu kama ñoqui zinavyotaka, mvuke umejaa hadi darini. Akanyoosha mkono afungue dirisha. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo kilikuwepo kile kipande cha mpira alichokikata kwenye ncha iliyoraruka, kidogo kama kidole. Dirisha likakisukuma, kikatumbukia ndani ya sufuria.

Elbia alitamka neno ambalo gazeti la ushirika haliwezi kulichapa. Akakivua kwa kijiko cha matundu. Na kile kipande, ambacho jana yake kingeweza kupigilia misumari, kilikuwa kimejikunja juu ya kijiko, laini, kinaning'inia kama ulimi wa ndama.

"Wilmar!" akaita. "Yale maji ya jana, uliyachemsha?"

Wilmar akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, ameudhika kabisa. "Nichemshe maji? Mimi? Unanionaje, Elbia?"

"Hukuyachemsha hata mara moja?"

"Likiimba naliepua. Kama siku zote."

"Na wale wengine, thamosi zao?"

"Wana wa watu wale, wana malezi. Nani angekuja na maji yaliyochemka nyumbani kwa watu?"

Hapo Elbia alikaa chini, kijiko mkononi, akacheka mpaka Wilmar akaogopa na kumletea glasi ya maji. Mchana kutwa, watu wazima na akili zetu, tulikuwa tumeunywesha ule mpira mate. Mpira ulitaka maji yanayotokota, nasi tukaupa maji ya adabu. Na wa kwanza kati yetu alikuwa yeye, aliyelipwa mshahara maisha yake yote ili kitu kisichemke.

Ñoqui za siku hiyo zilinuka tairi, wakala mkate na jibini. Sisi tulipata ujumbe kwenye simu: "Njooni sasa hivi. Leteni majiko na mabirika. Thamosi ziacheni kwenu. Leo tunachemsha."

Tuliwakuta wameng'oa kipande kirefu cha mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, wameziba ncha zake kwa udongo, wamekilaza uani karibu na gari kama hori la ng'ombe. Mpira ulikuwa umenyooshwa ndani yake. Majiko yakapangwa ukutani, mabirika yakainjikwa juu, na Elbia akaanza kutembea kati yetu ameshika mwiko.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, haikuwa kazi rahisi. Birika la kwanza lilipoanza kuimba, mkono wa Gastón ukanyooka wenyewe. Mwiko ukamshukia kwenye vidole.

"Acha!"

"Sikukusudia, mama! Umekwenda wenyewe!"

"Mkono ndani ya mfuko! Na wewe Chela, nakuona!"

"Linalia, Elbia!" Chela akasema, ameziba macho kwa aproni. "Linalia, na wewe unalitazama tu! Watu wakipita njiani watasema nini?"

"Watasema Elbia Curbelo anachemsha maji yake, kwenye uwanja wake, apendavyo. Acheni yachemke!"

Kisha likaimba birika la Wilmar, lile lile la kila alfajiri. Nilimwona Elbia, mwenye mwiko, mwenye amri, mkono wake ukienda kwenye kitufe cha gesi bila yeye kujua. Wilmar akaudaka. Na papo hapo mkono wa Wilmar mwenyewe ukaenda kwenye mpini wa birika, na Elbia akaudaka huo. Wakabaki wamesimama mbele ya jiko, wameshikana mikono yote miwili, kila mmoja akimzuia mwenzake, huku birika likiimba, likipiga kelele, mfuniko ukaanza kuruka.

"Miaka yote hii nimefanya mengi kwa ajili yako," Wilmar akamwambia, macho yamemtoka. "Kubwa kama hili, bado."

"Nishike tu," Elbia akasema.

Akamshika. Maji yakachemka. Mimi nilimtazama Gastón wangu, naye anapuliza vidole vyake vilivyopigwa mwiko, nikajua nimeolewa mahali pazuri.

Mengine yalikwenda haraka. Tukamwaga mabirika yote ndani ya mfereji, mvuke ukapanda mpaka juu ya ukuta wa Chela, na tulipoutoa mpira, tumevaa glavu za kukamulia, ulikuwa umekubali. Povu la sabuni kwenye chuma, watu wawili huku, wawili kule, Elbia katikati akiusukuma kwa mpini wa mwiko. Ulinyooka. Ulifika kwenye kona. Kiganja cha mwisho kikagoma kidogo, Wilmar akamimina birika lake moja kwa moja juu yake, Elbia akasukuma kwa bega, na mdomo wa mpira ukauma chuma. Tak! Sijawahi kusikia sauti fupi ikishangiliwa namna ile.

Jumatatu mchana Peugeot ilisimama mbele ya mizani, imeoshwa, Wilmar amekaa pembeni ya dereva na kibuyu magotini. Gari jeupe la ushirika nalo lilikuwa tayari, injini inaunguruma, dereva amevaa tai. Wageni wa Brazili walikuwa wamesimama kivulini, hawaelewi kwa nini kiwanda kizima kimetoka nje. Mhandisi Iriarte akazunguka nyuma ya gari. Akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba kwenye bampa kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, na kwenye kona akasimama.

"Bi Elbia, hapa panaonekana palizibwa."

Elbia alishusha kioo cha dirisha na kutoa kiwiko nje.

"Panaonekana, ndiyo. Sikukuahidi jipya, Mhandisi. Nilikuahidi zima. Livute."

Mhandisi akalivuta. Akalivuta tena, kwa mikono yote miwili, mguu wake mmoja umekanyaga tairi. Mpira haukusogea. Akainuka, akajifuta magoti, akamwashiria dereva wa gari jeupe azime injini. Kisha akatembea peke yake mpaka langoni, akiwa amevaa suti yake, akaanza kulisukuma lile lango zito lenye rangi mpya.

Tabaré akapanda kwenye kibanda chake. Peugeot ikapanda mizani.

"Mzigo wa mwisho wa Elbia Curbelo!" kipaza sauti kikalia hadi barabara kuu. "Kilo elfu moja mia tatu na themanini, pamoja na mume! Ubora..." Akakivuta kipaza sauti karibu zaidi. "Ubora, daraja la kwanza! Pita mbele, mama!"

Makopo yalikuwepo, bila shaka. Idara ya karameli haifundishiki. Ila safari hii Elbia aliyakagua mwenyewe, na yalikuwa yamefungwa kwenye ndoano ya kuvutia, kwenye chuma. Akapiga honi. Wageni wa Brazili, ambao bado hawakuelewa lolote, wakapiga makofi mengi kuliko sisi. Akapita katikati ya lango, si kwa kasi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kibuyu ambacho Wilmar alikuwa amekijaza muda huo huo, makopo yakicheza nyuma yake na bampa jeusi, lenye kovu lake, likitutazama mpaka kona ya mikaratusi.

Mpendwa Bi Elbia, kwa niaba ya wote wa Costa del Ceibo, wa meza za jibini, wa maabara, wa malori na wa langoni, asante kwa kila tone ulilolilinda. Asante kwa kukalia kigoda mbele ya koki. Wasichana watatu wanafanya kazi leo katika chumba chako, na wote wanaingia kwa lango kuu. Nenda Piriápolis ukaongeze mchanga chini ya viti. Tunakutakia wewe na Wilmar wako maisha marefu ya asubuhi tulivu, ambamo maji ya mate hayatachemka hata siku moja. Na mengine yote, mama, yaache yachemke.

Rosina Bidegain
Maabara ya Maziwa